Hukumu Yangu Juu ya Rili Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ghala la Hayes, magharibi mwa London, na viatu vya kuazima. Vilikuwa vile vizito vyenye chuma mbele, vya mume wangu Hamisi aliyekuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege, nami nilivaa soksi mbili mbili ili visinivuke. Msimamizi wa zamu, Mwingereza mnene mwenye kalamu sikioni, alinitazama miguu, akatazama karatasi yake, akaniuliza kama ninajua ninakuja kukagua nini. Nikamwambia ninajua: vifaa vya kuvulia samaki. Sikumwambia kwamba sijawahi kushika ndoana maishani mwangu. Hakuniuliza, nami sikuona sababu ya kujichongea.

Watu wakisikia natoka Tanga hudhani nimezaliwa ndani ya ngalawa. Baba yangu alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani, na samaki tulinunua sokoni kama watu wote. Nilichojua mimi ni kufungua mashine, kupanga vipande vyake juu ya kitambaa kwa mpangilio niliovitoa, na kuvirudisha bila kubaki na skrubu mkononi. Baba alikuwa akinifumba macho kwa kanga, ananiambia zungusha gurudumu, niambie linagoma wapi. Nikikosea ananicheka mpaka kikohozi kinamshika.

Pale Hayes kazi ilikuwa rahisi na ya kuchosha. Makreti yalikuja kutoka viwanda vya nje, mimi nachukua rili, kile kifaa cha kuzungushia mshipi wa kuvulia, moja moja, natafuta mikwaruzo, nahesabu skrubu, natia sahihi. Wiki ya tatu nikashika rili iliyokuwa inasita mahali pamoja kila ikizunguka. Msimamizi akaizungusha, akasema haina kitu. Nikatoa bisibisi yangu ndogo ya cherehani kwenye pochi, nikaifungua mbele yake, na ndani tukakuta kijinyuzi cha chuma, masalio ya kiwandani, kimelala pale ambapo hakikutakiwa kuwepo. Tukafungua nyingine, ya tatu, ya kumi. Zote zilikuwa nacho. Msimamizi akatoa kalamu sikioni, akampigia simu mwenye mali.

Mwenye mali tulimwita Bosi. Ni Mhindi aliyezaliwa Mwanza, akaja Uingereza kijana, akafungua duka la vifaa vya uvuvi Thornton Heath, kusini mwa London, kisha akaongeza ghala. Alifika mchana ule, akaangalia kile kijinyuzi kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine, halafu akanigeukia kwa Kiswahili safi kabisa.

"Nani kakufundisha kufungua hivi?"

"Baba yangu."

"Fundi wa rili?"

"Fundi wa vyerehani. Tanga."

Akacheka. "Mama yangu alikuwa na cherehani ya miguu pale Mwanza. Ikikwama, nyumba nzima hatuli kwa amani. Sikiliza, Bi Mwanaidi, Jumatatu njoo dukani, karakana iko nyuma. Huku ghalani unapoteza vidole vyako bure."

Ndivyo nilivyohamishwa, na nilifurahi mno. Kutoka kwangu Peckham hadi Thornton Heath ni karibu zaidi kuliko Hayes, na viatu vya Hamisi nikamrudishia.

Karakana ilikuwa chumba chembamba chenye meza mbili, mashine moja ya kukereza, na harufu ya mafuta ambayo hadi leo nikiisikia mahali najihisi nyumbani. Aliyetawala pale alikuwa Fundi Mkuu, mzee wa Kiingereza, mrefu, mwenye koti la kazi la buluu lililofifia mabegani. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili, lakini yeye alisema Kiingereza cha haraka haraka, nami miezi ya mwanzo nusu nilikielewa kwa kutazama mikono yake. Siku ya kwanza aliniwekea rili mezani akasema, "Hii ni rili ya pini. Ukiielewa hii, nyingine zote ni makelele."

Ninyi vijana mnaosoma haya huenda hamjaiona, basi niieleze. Rili nyingi za leo zina gia ndani na mkono wa kuzungushia pembeni. Rili ya pini haina gia. Kuna sahani ya nyuma, katikati ya sahani imesimama pini ya chuma, na juu ya pini imevikwa ngoma, yaani duara lenye mfereji ambamo mshipi unazungushiwa. Ukizungusha ngoma mara moja, imezunguka mara moja, basi. Breki ni kidole gumba chako. Mvuvi anatupa chelezo, kile kielea kidogo kinachoshikilia chambo, kwenye mto unaokwenda, na maji yanakichukua taratibu huku ngoma ikitoa mshipi yenyewe. Ufundi wote upo hapo: mshipi utoke kwa kasi ya maji, usizidi, usipungue.

Kwa macho ya mtu wa kawaida rili hizi zinafanana kama sahani za kabatini. Fundi Mkuu alinifundisha kuzitofautisha. Kuna ngoma za kusubu, yaani alumini imeyeyushwa ikamiminwa kwenye umbo lake, na hizo zina vijitundu ndani usivyoviona mpaka siku itakapodondoka juu ya jiwe na kupasuka. Kuna ngoma zilizokerezwa kutoka kipande kizima, na hizo bei yake inakufanya ukohoe. Kuna zinazozunguka juu ya beringi, vile vikombe vyenye gololi ndogo ndani, na kuna zinazozunguka juu ya bushi, kipande cha shaba chenye tundu lililochongwa barabara lipokee pini. Beringi ni laini lakini mchanga ukiingia zinalia. Bushi inataka mafuta kila mara, mfano wa mtoto anayetaka kunyonya, lakini ukiitunza haikusumbui. Halafu kuna ule mwanya kati ya ngoma na sahani. Fundi Mkuu aliupima kwa karatasi ya kusokotea sigara, akiizungusha pande zote kuona inabana wapi. Mwanya ukiwa mpana, mshipi mwembamba unateleza nyuma ya ngoma, na mvuvi anaitukana familia yako nzima.

Kuhusu thamani alikuwa na maoni makali. Mteja akiuliza rili gani nzuri, yeye aliuliza, "Skrubu yake utaipata wapi ikipotea?" Alizichukia rili zinazofunguliwa kwa kifaa maalumu cha kiwanda. Aliniambia rili unayoweza kuifungua kwa bisibisi ya kawaida, na pini yake inaweza kukerezwa upya na fundi yeyote, hiyo itakuzika. Ile nyingine, hata ingeng'aa vipi, umeikodisha tu mpaka kiwanda kitakapofunga. Nilikubaliana naye katika karibu kila jambo, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Kwa maana duka lile lilikuwa na desturi yake ya Jumamosi. Ukutani palikuwa na saa kubwa yenye mshale wa sekunde, na chini yake ubao wa chaki. Wavuvi walikuja na rili zao, wanaishika juu, wanaipiga ngoma kofi moja, na watu wote wananyamaza kuhesabu itazunguka muda gani. Aliyeshinda jina lake liliandikwa ubaoni wiki nzima. Watu wazima, wengine na vijukuu, waligombana kwa sekunde nne. Wengine walikausha mafuta yote kwa petroli ili ngoma iende zaidi, na kwa kuwa chuma kikavu kinakulana, Jumamosi walizungusha na Jumatatu waliniletea mimi nizitengeneze. Fundi Mkuu ndiye aliyeianzisha desturi ile na aliiamini. Rili inayozunguka sana, alisema, imetengenezwa vizuri. Mimi nilikuwa nani hata nibishe?

Nilikaa chini yake miaka mingi, na ilikuwa miaka mizuri. Kisha magoti yake yakakataa ngazi za stesheni, akaaga, akahamia kwa binti yake pwani ya kusini. Meza yake ikabaki tupu.

Hapo ndipo yalipoanza ya cheo. Meneja wa duka, Mwingereza makini, mtu wa makaratasi lakini si mbaya, alitaka atafutwe fundi mwenye cheti. Mimi cheti sikuwa nacho, nilikuwa na kanga ya baba. Bosi alinitaka mimi, lakini hakupenda kumpuuza Meneja wake mbele ya watu. Akapata njia. Alikuwa anataka kuagiza rili ya pini itakayouzwa kwa jina la duka, na viwanda vitatu vilikuwa vimeleta sampuli. Akaniita ofisini, Meneja akiwa amekaa pale pale.

"Bi Mwanaidi, zichunguze hizi tatu. Uniandikie ipi imejengwa vizuri, na ipi ina thamani kuliko bei yake. Hiyo ripoti ndiyo mtihani wako. Ikiwa nzuri, kiti cha Fundi Mkuu ni chako, na Meneja amekubali."

Meneja akaitikia kwa kichwa. Nami nilikitaka kile kiti, sitadanganya. Nilikitaka mpaka nikawa natazama koti la buluu alilotuachia msumarini na kufikiria nitalipunguza mikono.

Nilizichunguza siku tisa. Ya kwanza ilikuwa ngoma nzito iliyokerezwa kutoka kipande kizima, beringi mbili, mwanya mwembamba hata karatasi ya sigara haikupita. Ya pili ilikuwa nyepesi, ngoma imetobolewatobolewa, inakaa juu ya bushi ya shaba, bei yake nusu ya ile ya kwanza. Ya tatu ilikuwa ya kusubu na iliyumba kidogo, hiyo niliiweka kando mapema. Nikazifungua zote, nikapima pini, nikachora, nikaandika kurasa sita. Mwisho nikazipeleka chini ya saa. Ya pili haikumaliza hata dakika moja. Ya kwanza ilizunguka mpaka nikaenda kuchemsha maji ya chai, nikarudi, bado inakwenda.

Ijumaa nikaandika: ya kwanza. Bosi akasoma, akafurahi, na Jumamosi akaizungusha mwenyewe mbele ya wateja, akatangaza kwamba hiyo ndiyo rili ya duka na kwamba fundi wake ndiye aliyeichagua. Walinipigia makofi. Oda ingetumwa Jumatatu mchana, kreti nyingi, na kiwanda hakikubali kurudishiwa.

Kulikuwa na mteja mmoja hakupiga makofi. Ni Mkenya, jina lake Onyango, dereva wa basi aliyestaafu, mtu wa mzaha ambaye kila Jumamosi alinisalimia kwa Kiswahili tu ili Waingereza wajue tunawasengenya. Alisubiri watu wapungue, akaniegemea kauntani.

"Mama, hii kitu umeivulia?"

"Kuivulia vipi?"

"Kwa mto. Na maji. Na samaki."

Nikamwambia kazi yangu ni chuma, samaki ni kazi yake. Akanitazama kama mtu aliyesikia daktari akisema hajawahi kugusa mgonjwa.

"Aki ya nani, wewe hujawahi kuvua? Miaka hii yote?"

"Sijawahi."

"Basi kesho twende Wandle. Mkuje na mzee. Mbebe hizo rili zote. Mimi nitaleta fimbo na minyoo, wewe leta chai."

Mto Wandle ukiuona hutaamini. Unapita nyuma ya maghala na maduka makubwa, mahali pengine ni mwembamba unaweza kumrushia mtu ng'ambo chapati. Lakini maji yake ni safi na yana haraka. Jumapili asubuhi mimi, Hamisi na Onyango tulisimama ukingoni kwenye matope, na Onyango akafunga rili yangu ya kwanza, bingwa wangu, kwenye fimbo. Akavuta mshipi, akatupa chelezo chepesi, kisha akanipa nishike.

"Wacha maji ifanye kazi," akasema. "Usisaidie."

Nikaacha. Maji yakakivuta chelezo, na ngoma ikakaa. Haikugoma, ilikuwa inajivuta tu, polepole, na chelezo badala ya kwenda na maji kikawa kinazuiliwa, kimelala ubavu, chambo kinapanda juu. Halafu ngoma ikashika kasi. Chelezo kikafika mahali maji yametulia, kikasimama, lakini ngoma haikuwa na habari. Ikaendelea kuzunguka na kumwaga mshipi, duara juu ya duara, mpaka mbele ya kidole changu pakawa na msokotano kama kiota cha ndege. Onyango alikata mshipi kwa kisu, akafunga ile ya pili.

Ile ya pili, nyepesi, ya bushi, ilianza mara chelezo kilipogusa maji. Ilikwenda na mto kama mtu na mwenzake wanaotoka sokoni. Chelezo kiliposimama, nikagusa kwa kidole gumba, ikasimama nayo. Nikarudia mara tano, mara sita. Kisha nikairudia ile ya kwanza, kwa sababu nilikuwa natafuta njia ya kuiokoa, nikapata kiota cha pili.

Nilielewa palepale, na uso ukaniwaka kwa haya. Cherehani ina gurudumu zito pembeni. Ukiondoa miguu kwenye kanyagio, gurudumu linaendelea kwenda, na kila mtoto wa fundi anajua kwamba haliendelei kwa sababu ni laini, linaendelea kwa sababu ni zito. Rili yangu ya kwanza ilizunguka muda mrefu chini ya saa kwa sababu ngoma yake ilikuwa nzito. Nilikuwa nimepima uzito nikadhani ninapima ulaini. Na nilizipima zote tupu, bila mshipi, bila chelezo, hewani, mahali ambapo hakuna samaki hata mmoja anayeishi.

"Onyango, kwa nini hukusema jana mbele ya watu?"

"Ningesema nini? Mama amepigiwa makofi, mimi nimwage maji?" Akamimina chai. "Lakini hizo wakinunua, watazirudisha zote. Kwako."

Jioni ile nyumbani Hamisi alimaliza kula, halafu akanishauri kwa upendo wake wote ushauri mbaya kabisa.

"Nyamaza. Upate cheo kwanza. Ukishakaa kwenye kiti, utarekebisha polepole. Sasa hivi ukienda kusema umekosea, yule Meneja anachukua mtu wake wa cheti, na wewe umemkabidhi kwa mikono yako."

"Na zile rili?"

"Rili ni rili, Mwanaidi. Watu watavua tu."

Sikumlaumu. Alikuwa amenisikia miaka nikikitamani kile kiti. Lakini nilijiona nimekaa pale na koti la buluu, kila Jumatatu mtu ananiletea kiota cha ndege kilichotokana na kalamu yangu, na mimi namuuliza kwa upole amekifanyaje. Nikajua sitaweza. Hata usingizi sikuukosa, nilishaamua.

Jumatatu nilifika kabla ya chai ya kwanza. Bosi na Meneja walikuwa ofisini, karatasi ya oda iko mezani.

"Usiitume," nikasema. "Ripoti yangu si sahihi."

Bosi akavua miwani. "Bi Mwanaidi, bana, kurasa sita! Umeniandikia mwenyewe. Nimetangaza mbele ya watu!"

"Najua. Nimekosea."

Nikaeleza yote, mto, kiota, gurudumu la cherehani. Nikaeleza pia kwamba sijawahi kuvua maisha yangu, jambo ambalo Bosi hakulijua, na alivyolisikia aliweka mkono kichwani. Meneja hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu daima. Aliuliza tu, "Una uhakika sasa, kuliko ulivyokuwa na uhakika Ijumaa?" Lilikuwa swali la haki. Nikamwambia twende mtoni sote watatu. Wakaenda, Bosi na viatu vyake vya ngozi. Alitengeneza kiota cha tatu kwa mkono wake mwenyewe.

Aliporudi aliichana oda, akaandika nyingine ya ile rili nyepesi. Kisha akasema kwa sababu tangazo lilikuwa mbele ya watu, na sahihisho litakuwa mbele ya watu, na atakayesahihisha ni mimi.

Jumamosi hiyo nilisimama juu ya kreti katikati ya duka. Kiingereza changu kikanikimbia, nikaona afadhali mikono iseme. Nilikuwa nimekata vifungo viwili vya shati la Hamisi na kufunga kimoja kwenye mshipi mwembamba wa kila rili. Nikaishika ile nyepesi juu, nikaachia kifungo, kikashuka moja kwa moja, kikagusa sakafu, ngoma ikatulia. Nikaishika bingwa wa saa. Kifungo kikaanza kushuka kwa uvivu, mtu angeweza kukitangulia kwa miguu, na kilipogusa sakafu ngoma ikaendelea tu kumwaga mshipi miguuni pangu. Nikasema kwa Kiingereza sentensi moja niliyokuwa nimeikariri: wiki iliyopita niliwaambia hii ni bora, na nilikosea. Kisha mzee mmoja, ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa ubaoni wiki ile, akatoa rili yake mfukoni akaniuliza kama nina kifungo kingine.

Jioni Bosi aliniita peke yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea kimoja cha vile vifungo.

"Yule mzee wetu alikaa hapa miaka yote ile hakuwahi kuniambia amekosea," akasema. "Sasa nakaa najiuliza. Hakukosea, au hakuniambia?"

Swali lile halikuwa la kujibiwa na mimi.

"Lakini cheo siwezi kukupa, Bi Mwanaidi. Tulikubaliana na Meneja, ripoti ikiwa nzuri. Haikuwa nzuri. Neno langu nikilivunja kwako, kesho litavunjika kwa mwingine."

Nikamwambia ameamua sawasawa. Nikachukua mkoba wangu, nikapanda basi, nikakaa ghorofa ya juu kiti cha mbele, na nikalia mpaka nakaribia Peckham. Sioni aibu kuliandika. Nilikuwa nakitaka kile kiti na nimekikosa, na kosa lilikuwa langu.

Fundi Mkuu mpya alikuja mwezi uliofuata, Mwingereza wa miaka thelathini na kitu, na cheti chake kwenye fremu. Nilijiandaa kumchukia, nikashindwa, alikuwa mpole na mikono yake ilijua kazi. Koti la buluu lilimkaa vizuri kuliko ambavyo lingenikaa mimi. Rili nyepesi iliuzwa miaka yote, na wanaoijua wanaitafuta mpaka leo. Saa ya ukutani haikuondolewa, watu wanapenda michezo yao, lakini hakuna aliyenunua rili tena kwa kuitazama. Mimi nilianza kwenda Wandle na Onyango kila Jumapili, navua vibaya mno, na sikuandika tena hukumu juu ya rili yoyote kabla haijaniloanisha viatu.

Nimestaafu sasa. Kwenye barua ya kuniaga cheo changu kimeandikwa Msaidizi wa Karakana, kilekile nilichoanza nacho Thornton Heath. Vijana wa msikitini wakiniuliza nilifanya kazi gani huku, nikiwajibu, naona wanavyosikitika kidogo kwa niaba yangu. Mabinti zangu nao huniambia kwa Kiingereza kwamba nilionewa. Nawaambia hapana. Niliipenda kazi, nililipwa, nilicheka sana, na miguu yangu bado inanibeba hadi mtoni.

Lakini kuna asubuhi moja sijawahi kumsimulia mtu. Ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini. Nilikuwa nimeinama juu ya rili ya mteja, Fundi Mkuu, yule wa cheti, akaingia, akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Uso wake ulikuwa umepauka kama chokaa. Aliniambia kwamba pini alizoagiza kwa matengenezo ya mwaka mzima, alikosea aina ya chuma, zimeanza kushika kutu, na nyingi tayari ziko ndani ya rili za watu. Hakuna aliyejua bado. Meneja hajui. Bosi hajui. Angeweza kunyamaza mpaka mimi niondoke, na baadaye nani angekumbuka nani alifunga nini.

"Bi Mwanaidi," akasema, na jina langu alikuwa amejifunza kulitamka sawasawa, "wewe ulishawahi. Naanzaje?"

Nikafuta mikono. Nikamwambia anaanza na neno nimekosea, lije mbele ya maelezo yote, na aende sasa hivi kabla ya chai. Akasimama, akalinyoosha lile koti la buluu, akaniuliza kama nitakwenda naye.

Nikaenda naye.